Kusafisha Koloidi: Pesa Inakoenda Kweli

Lita moja ya koloidi ya dhahabu iliyopikwa kwa njia ya kawaida, yaani kloridi ya dhahabu ikachemshwa na kutiwa sitreti, ina dhahabu ya miligramu 49 hivi. Sitreti ya sodiamu iliyoingia humo ni miligramu 500. Kwa uzito, basi, mwenye chupa hiyo nyekundu amemiliki sitreti mara kumi ya dhahabu yake, na hapo bado hajahesabu kloridi na mabaki ya sitreti iliyokwisha kufanya kazi yake. Akitaka kubandika kingamwili juu ya chembe nano hizo ili atengeneze kipimo cha haraka cha malaria au cha mimba, uchafu huo utamsumbua. Akitaka kuthibitisha kwamba chembe zake za fedha ndizo zinazoua bakteria, uchafu huo unaweza kumdanganya kabisa.

Kwa hiyo husafisha. Na mara nyingi hukoleza pia, kwa sababu kazi inayofuata huhitaji mililita chache zenye chembe nyingi, si lita nzima yenye chembe zilizotawanyika.

Hizo ni kazi mbili, na katalogi za wauzaji hupenda kuzichanganya. Mfuko wa dayalisisi husafisha lakini haukolezi. Mashine ya kuvukizia chini ya ombwe hukoleza, na hukoleza uchafu pamoja na bidhaa, chumvi ikipanda mpaka chembe zinashikamana. Safuwima ya jeli husafisha kisha hukurudishia koloidi nyepesi kuliko uliyoimimina. Sentrifuji na tando za kuchujia hufanya yote mawili, kila moja kwa masharti yake. Maabara nyingi ndogo hupoteza pesa hapa hapa: hununua kifaa cha kazi moja huku shida yao ni ile nyingine.

Bei nitakazotaja ni za daraja tu, makumi au mamia au maelfu ya dola, kwa kuwa bei ya mlangoni Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hupangwa na wakala, usafiri na ushuru. Tofauti za daraja ndizo zinazoamua, na hizo hazibadiliki sana.

Sentrifuji na hesabu ya subira

Wengi huanza na sentrifuji kwa sababu tayari ipo mezani. Swali la kwanza hapa ni ukubwa wa chembe. Kasi ya kuzama hufuata mraba wa kipenyo: chembe yenye kipenyo maradufu huzama mara nne zaidi kwa kasi. Hufuata pia tofauti ya densiti kati ya chembe na maji. Densiti ya dhahabu ni mara 19 ya maji, ya fedha mara kumi na nusu, ya silika mara mbili tu, na ya polistirini karibu sawa na maji yenyewe. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa dhahabu haumfai mtu wa polistirini, hata kama chembe zao zina kipenyo kimoja.

Chembe ya dhahabu ya nanomita 15 ikiachwa mezani hushuka nanomita mbili hivi kwa sekunde. Sentimita tatu za mrija mdogo zingeichukua zaidi ya miezi mitano, na kwa kweli haifiki, maana molekuli za maji huisukuma huku na huko bila kukoma. Baadhi ya chupa za dhahabu alizotengeneza Michael Faraday jijini London katika miaka ya 1850 zingali na rangi yake mpaka leo, zimehifadhiwa Royal Institution. Ukiizungusha chembe hiyo kwa nguvu ya mara 10,000 ya mvutano wa dunia, safari ile ile huisha kwa dakika 22 hivi. Chembe ya nanomita 10 itataka dakika 50. Ya nanomita 5 itataka zaidi ya saa tatu, na hapo sentrifuji ndogo imeshaanza kupasha moto sampuli yako.

Sentrifuji ndogo ya mirija ya mililita 1.5 hupatikana kwa mamia ya dola ikiwa ya Kichina, na kwa maelfu ikiwa ya chapa za Ulaya au yenye kipoza. Kwa kazi ya kujaribia inatosha kabisa. Tatizo lake ni ujazo. Mirija 24 hubeba mililita 36 kwa mzunguko mmoja. Mwenye mililita 500 atazungusha mara 14, na kila mara afungue, anyonye, ajaze, afunge. Hiyo ni siku nzima ya mtu, kabla ya kuosha mara ya pili.

Kuna mashine ambayo watu huidharau bure: ile ya kuzungushia damu katika maabara za hospitali. Ikienda mizunguko 4,000 kwa dakika, na rota yake ikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 15, hutoa nguvu ya mara 2,700 hivi ya mvutano wa dunia. Kwa dhahabu ya nanomita 15 katika mirija mikubwa iliyojazwa kina cha sentimita 10 haina maana. Ungesubiri zaidi ya saa nne na nusu. Lakini kwa dhahabu ya nanomita 40, ambayo ndiyo hutumika sana katika vipimo vya haraka, inamaliza kwa dakika 40 hivi. Kwa nanomita 60 inahitaji dakika 17. Kampuni changa inayotaka kutengeneza vipimo hivyo haina haja ya kukopa ili inunue mashine ya kasi kubwa. Inaweza kuanza na ya damu, hata iliyotumika, mradi rota haina ufa wala kutu.

Ukilinganisha mashine, usilinganishe mizunguko kwa dakika. Muuzaji ataandika 13,000 kwa herufi nene, na mpinzani wake naye ataandika 13,000, kumbe rota ya kwanza ina nusu kipenyo cha sentimita 8.4 na hutoa nguvu ya mara 15,900, ilhali ya pili ina sentimita 6 na hutoa mara 11,300. Hesabu yenyewe ni rahisi: nusu kipenyo kwa sentimita, zidisha na mraba wa mizunguko kwa dakika, zidisha na 0.00001118. Muuzaji asiyeweza kukutajia nusu kipenyo cha rota hajui anachokiuza.

Usafi unaopatikana hutegemea unavyonyonya maji ya juu. Ukiacha asilimia 5 ya maji hayo juu ya mashapo kisha ukajaza tena, uchafu umebaki sehemu moja kwa 20. Ukirudia, sehemu moja kwa 400. Mara mbili kwa kawaida zinatosha. Mara ya tatu huleta faida ndogo na hasara kubwa, kwa sababu kila mzunguko huacha chembe zilizogandia ukutani mwa mrija na mashapo meusi yasiyokubali kutawanyika tena. Tone la Tween 20, sabuni laini ya maabara, hupunguza hasara hiyo, lakini kumbuka umeongeza kitu kipya katika koloidi uliyokuwa ukiisafisha.

Kuhusu sentrifuji za kasi ya juu sana, zile ambazo wazo lake lilimpa jina kubwa Theodor Svedberg wa Uppsala, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926: bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na pamoja na rota inaweza kupita laki moja. Usinunue kwa kazi hii. Omba muda katika taasisi iliyo nayo. Bila mkataba wa matengenezo na bila umeme tulivu, mashine hiyo haitachukua muda kugeuka kabati la kuwekea mafaili.

Dayalisisi, ambayo urahisi wake una gharama iliyojificha

Mkemia Mskoti Thomas Graham alieleza dayalisisi mwaka 1861, na kanuni haijabadilika. Koloidi huwekwa ndani ya mfuko wa utando wa selulosi, mfuko huzamishwa katika maji safi, chumvi hutoka na chembe hubaki. Roli ya mita kumi, yenye upana wa milimita 45 ikiwa bapa, hutoa mifuko sitini hivi ya kubebea mililita 50. Hata ukiinunua kwa zaidi ya dola mia moja, kila mfuko unakugharimu dola mbili au zaidi kidogo. Utando wa kilodaltoni 12 hadi 14 unafaa kwa karibu kila kazi ya dhahabu na fedha. Ule wa bei ghali wenye vipimo vyembamba zaidi uwaachie watu wa protini.

Maji ndiyo yanayokula pesa. Mapishi mengi husema mililita 50 za koloidi ziwekwe katika lita 5 za maji yaliyokenekwa, na maji yabadilishwe mpaka yatimie maji ya mara tatu. Hizo ni lita 15. Kukeneka lita moja ya maji huhitaji uniti 0.7 za umeme, maana huna budi kuyachemsha yote yageuke mvuke. Lita 15 ni uniti 11 hivi, bila kutaja maji ya bomba yanayopita kwenye kipoza na kumwagika. Sentrifuji ya nusu kilowati ikizunguka nusu saa hutumia robo uniti. Njia inayosifiwa kuwa ya watu wasio na pesa, ukiitumia kizembe, hula umeme mara nyingi zaidi ya mashine.

Dawa yake ni hesabu. Katika lita 5 kwa mara tatu, uchafu hupungua, kwa nadharia, mara milioni moja. Katika lita 1 kwa mara nne, hupungua mara 194,000 hivi, na umetumia lita 4 badala ya 15. Hakuna kazi ya dhahabu au fedha niijuayo inayohitaji tofauti iliyobaki kati ya namba hizo mbili. Maji kidogo yanayobadilishwa mara nyingi huyashinda maji mengi yanayobadilishwa mara chache, mradi kila mara uyape saa kadhaa yafikie usawa. Kipimo cha upitishaji umeme cha bei ya makumi ya dola kitakuonyesha lini maji ya nje yameacha kuchafuka, hapo acha.

Acha kweli. Sitreti tunayoiita uchafu ndiyo pia inayoipa kila chembe chaji hasi na kuzifanya zikimbiane. Ukiiondoa yote, koloidi nyekundu hugeuka zambarau, kisha buluu, kisha vumbi jeusi chini ya mfuko. Njia salama ni kutia katika maji ya mwisho sitreti kidogo, mathalani milimola 1 kwa lita, ili uondoe kila kitu kingine na ubakize mlinzi. Au kabla ya kuanza funika chembe kwa polima inayoshika vizuri, kisha usafishe bila hofu.

Utando mpya nao una mambo yake. Huja na gliserini ya kuulainisha na mabaki ya salfa, na salfa huipenda dhahabu kupita kiasi. Uchemshe kwanza katika maji yenye magadi kidogo na EDTA, uusuuze, ndipo uutumie. Hatua hiyo ni ya bei ndogo na ndiyo inayorukwa zaidi.

Sifa moja ya dayalisisi haimo katika katalogi yoyote. Umeme ukikatika saa nane usiku, sentrifuji husimama na kazi huharibika au hurudiwa. Mfuko wa dayalisisi hupoteza tu kikorogeo chake; chumvi huendelea kutoka, polepole zaidi.

Kukoleza je? Chukua mfuko ule ule, uulaze juu ya unga wa poliethilini glaikoli wenye uzito wa molekuli 20,000. Unga huo hauwezi kupenya utando, lakini huvuta maji kwa nguvu, na kwa saa chache mililita 50 huwa 5. Usijaribu kuokoa pesa kwa kutumia sukari ya dukani: molekuli zake ni ndogo, zitaingia ndani ya mfuko, na utakuwa umepika sharubati ya dhahabu.

Vichujio vya kuzungusha

Hivi ni vikombe vya plastiki vyenye utando chini, vinavyoingia katika mirija ya sentrifuji. Vinavyojulikana zaidi ni Amicon vya Merck, na wapo wengine. Mazuri yake ni mengi. Mililita 15 huwa mililita 0.3 kwa chini ya saa moja, yaani umekoleza mara 50. Ukijaza maji tena na kuzungusha, uchafu hushuka sehemu moja kwa 50, na mara ya pili moja kwa 2,500. Kinachozuia chembe ni utando, si uzito wake, kwa hiyo sentrifuji ya damu inatosha hata kwa chembe za nanomita 5 ambazo vinginevyo zingedai mashine ya kifahari. Kwa chembe ndogo na sampuli ndogo sijaona kinachovishinda.

Gharama yake huja kidogo kidogo, na ndiyo inayowapita watu. Kikombe kimoja kikubwa ni dola kadhaa hadi kumi na kitu. Mwenye mililita 500 kila wiki anahitaji kujaza mara 34. Akitumia vikombe sita na kuvijaza tena na tena, anamaliza kwa mizunguko sita. Vikombe sita kwa wiki ni zaidi ya mia tatu kwa mwaka, na kwa bei hiyo amelipa maelfu ya dola kwa plastiki iliyokwenda jalalani. Watengenezaji husema vitumike mara moja. Katika maabara nyingi, tuseme kweli, huoshwa na kurudiwa, na hilo linawezekana kwa aina moja ya koloidi ikiwa utando hauachwi ukauke hata mara moja. Usichanganye: kikombe kilichochuja fedha kisichuje dhahabu.

Tena si kila chembe inayorudi. Koloidi yenye sitreti tupu hupenda kugandia kwenye utando, hasa ukiisukuma kwa nguvu. Ukiona utando umebaki mwekundu baada ya kusuuza, ile ni dhahabu uliyoinunua. Punguza kasi, simamisha kabla haijakauka, na suuza utando kwa mililita moja ya sitreti nyepesi.

Mkondo sambamba, kwa wenye lita

Uchujaji wa kusukuma moja kwa moja una kasoro moja isiyoepukika: chembe hujirundika mbele ya tundu mpaka maji yanakosa njia, kama kifumbu kilichojaa chicha. Uchujaji wa mkondo sambamba hukwepa hilo kwa kupitisha koloidi juu ya utando badala ya kuigandamiza dhidi yake. Pampu huizungusha ndani ya nyuzi nyembamba zenye uwazi, maji na chumvi hutokea ubavuni, na chembe huendelea na safari kurudi kwenye chupa. Ukiongeza maji safi kwa kadiri yale machafu yanavyotoka, unasafisha. Ukiacha kuongeza, unakoleza. Kifaa kimoja, kazi zote mbili, bila kuhamisha chochote.

Hesabu ya usafi wake ni nzuri kukumbuka. Ukipitisha maji safi mara tano ya ujazo ulio nao, chumvi hubaki asilimia 0.7, mara saba, asilimia 0.1. Kwa lita moja, basi, lita tano hadi saba za maji zinatosha, na kazi huisha kwa saa chache.

Kwa bei ya katalogi, kichujio kimoja ni mamia ya dola na pampu ni mamia mengine hadi elfu kadhaa. Inashtua, lakini kichujio huoshwa kwa magadi makali mepesi, yaani hidroksidi ya sodiamu ya mola 0.1 hivi, kisha hutumika tena mara nyingi. Yule mwenye mililita 500 kila wiki anarudisha pesa yake ndani ya mwaka akilinganisha na vikombe. Mwenye mililita 50 kwa mwezi hatairudisha kamwe, tena atapoteza zaidi: mipira na nyuzi huhifadhi mililita kadhaa zisizotoka, na kwa sampuli ndogo hizo mililita ndizo bidhaa yote.

Kuna njia ya mkato iliyo halali na isiyotangazwa. Kichujio cha kusafishia damu ya wagonjwa wa figo ni kifaa cha mkondo sambamba: maelfu ya nyuzi za polisalfoni au mfano wake, eneo la utando la mita moja na nusu hadi mbili za mraba, na huuzwa kwa makumi ya dola kwa sababu hutengenezwa kwa mamilioni. Wataalamu wa maji Marekani wamekuwa wakivitumia kukusanya vijidudu kutoka katika makumi ya lita za maji. Kwa chembe nano hufanya kazi vizuri, na hospitali zenye huduma ya figo katika miji yetu mikubwa zina wakala anayeviingiza. Nunua kipya, kilichofungwa. Kilichotumika ni taka ya hospitali yenye hatari na hakina nafasi katika maabara yoyote. Jua pia kwamba uwazi wa nyuzi zake hubeba mililita 80 hadi zaidi ya mia, hivyo hakifai chini ya lita kadhaa. Na ukipate chenye matundu yanayobana chembe zako: jaribu kwanza kwa mililita mia mbili, utazame kama maji yanayotoka ubavuni yana rangi.

Yanayobaki, kwa haraka

Safuwima za jeli, kama PD-10, ni nzuri kwa kuondoa rangi iliyozidi baada ya kubandika. Unamimina mililita 2.5, unapokea 3.5, dakika chache tu. Dhahabu yenye sitreti tupu hugandia kwenye jeli, kwa hiyo ifunike kwanza. Bei yake kwa kipande ni karibu na ya kikombe kikubwa cha kuzungusha.

Chembe zilizotengenezwa katika mafuta au toluini, kama nukta za kwanta ambazo kazi yake iliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, huoshwa kwa kuongeza kiyeyusho kisichozipenda. Tia ethanoli au asetoni mpaka mchanganyiko uwe na ukungu, zungusha polepole, mwaga. Sentrifuji yoyote inatosha. Gharama ni viyeyusho na, ambalo wengi hawaliweki kwenye bajeti, mahali pa kuvitupia vikishatumika.

Oksidi ya chuma huvutwa na sumaku. Sumaku ya neodimiamu kutoka katika diski kuu ya kompyuta mbovu haikugharimu chochote kwa fundi wa mtaani. Ila usitarajie ivute chembe moja moja za nanomita 10 kutoka katika maji. Hizo hutikiswa na joto kuliko zinavyovutwa. Kinachokusanyika haraka ni mashada. Kama sumaku haivuti kitu kwa saa nzima, huenda koloidi yako imetawanyika vizuri mno, na hiyo ni habari njema yenye usumbufu wake.

Karatasi ya kuchujia ya maikromita 0.2 haisafishi chumvi hata kidogo. Huondoa vumbi, mashada na bakteria. Inunue kwa kazi hiyo tu.

Nani anunue nini

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mililita 50 hadi 100 kwa mwezi: roli ya dayalisisi, unga wa poliethilini glaikoli, na sentrifuji ndogo iliyopo idarani. Jumla yake haifiki bei ya sanduku mbili za vikombe. Mtengenezaji wa vipimo vya haraka kwa dhahabu ya nanomita 40: sentrifuji ya damu yenye mirija mikubwa, na pesa iliyobaki iende kwenye kingamwili, maana huko ndiko bei ya kipimo ilipo. Anayefanya kazi na chembe za chini ya nanomita 10 kwa ujazo mdogo: vikombe vya kuzungusha, bila kujihurumia. Mwenye lita: mkondo sambamba, na aanze kwa kichujio cha figo.

Yeyote kati yao apime koloidi kwa spektrofotomita kabla na baada. Dhahabu ndogo hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 520. Kilele kikibaki pale pale na mkia wa nanomita 650 usipopanda, chembe hazijashikamana. Zidisha ufyonzaji na ujazo kabla ya kusafisha, fanya hivyo tena baadaye, na ulinganishe: tofauti ni dhahabu iliyopotea. Ikipotea asilimia 20 kwa kila lita, ni miligramu 10, na kwa bei ya kloridi ya dhahabu ya maabara hasara hiyo kwa mwaka mmoja inaweza kuzidi bei ya kifaa ulichokiona ghali.

Limebaki kundi ambalo katika vyuo vyetu ni kubwa: wanaotengeneza chembe za fedha kwa maji ya majani, mwarobaini, mlonge na mengineyo. Koloidi ya namna hii ina sukari, protini na tanini tele, na isiposafishwa huota ukungu chupani. Ina pia ayoni za fedha ambazo hazikugeuka chembe, nazo huua bakteria vizuri sana zenyewe. Majani nayo huenda yanaua. Kwa watafiti hawa kusafisha si suala la unadhifu. Bila hilo matokeo hayana mwenyewe. Sentrifuji kwanza, kwa kuwa ina zawadi ambayo dayalisisi haitoi: maji ya juu hubaki mikononi mwako, hayajapunguzwa nguvu. Yapime kwa spektrofotomita uhakikishe hayana chembe, kisha yaweke kwenye sahani ya bakteria kando ya chembe zilizosafishwa na kando ya maji ya majani matupu. Sahani tatu, gharama ya siku moja. Kama maji ya juu yanaua huku chembe zilizosafishwa haziui, basi chembe bado hazijathibitishwa kufanya lolote, na bajeti ya mwaka ujao iende kwenye utando na sahani zaidi kabla ya mashine yoyote mpya.